Kijiti cha Mzee Mahona

Apolinaria wa Kwihara hakuwa mama wa kuombaomba. Mumewe alimfia mapema, naye akalima karanga na muhogo kwa mikono yake, akamsomesha Raymundi mpaka akamaliza shule kubwa ya mjini. Zama za Mwingereza hizo, vita ya Hitla imekwisha. Kijana akafaulu kwenda chuo cha Makerere. Ila karo ilikuwa mlima, na baraza la utemi lilikuwa na msaada wa mtu mmoja tu. Waliofaulu walikuwa wawili, Raymundi na Anton wa Puge, na alama zao sawasawa. Kwa kuwa wote ni wakimbiaji, na chuo chenyewe kilipenda vijana wa michezo, wazee wakakata shauri: washindane mbio kutoka Kwihara hadi uwanja wa Kanyenye, mjini. Atakayetangulia ndiye aende.

Basi watu wa Kwihara wakaona yamekwisha. Raymundi alikuwa na miguu ya babu yake Mahona, kiongozi wa misafara, aliyetangulia mbele ya wapagazi wote. Mzee yule alifia njiani akirudi kutoka pwani, amekaribia kuona moshi wa kwake, wakamzika pale pale kando ya njia ya mjini. Tangu hapo kila mtu wa ukoo apitaye kwenda safari huokota kijiti, akakiweka juu ya kaburi. Lundo lilikuwa limefika kiunoni. Padri alisema na Apolinaria juu ya vijiti vile mpaka akachoka.

Asubuhi ya mbio mama akamkumbusha mwanawe kijiti cha babu.

“Mayu, mama yangu, leo ni mashindano,” kijana akasema. “Nitakishika mkononi, nikirushe nikipita.”

“Mfupa hurushiwa mbwa. Babu yako huwekewa, kwa goti. Au unataka safari isiyo na marejeo?”

Raymundi akaokota kijiti, akatoka.

Apolinaria alisimama njiani akaona kwa macho yake. Mwanawe alikuja mbele, Anton yuko nyuma sana. Kwenye lundo akasimama, akapiga goti, akaweka. Alipoinuka paja likamkaza. Mkimbiaji aliyepata moto hasimamishwi ghafla, hilo hata punda analijua. Akachechemea, Anton akampita. Mjini alishindwa kwa kifua tu.

Mzee mmoja wa baraza alisema hata yeye angepiga goti. Lakini nafasi ni moja, na neno limeshatoka. Anton akaenda chuoni.

Sokoni watu walimcheka Apolinaria. Aliwajibu kuwa mwanawe hakushindwa, alisalimia. Nyumbani Raymundi hakumlaumu hata siku moja. Alilima, alikula, aliitikia akiitwa. Heri angegomba.

Mvua zilipokwisha akapata ukarani kwenye mashamba ya mkonge, huko Tanga. Mama akamsindikiza kwenda stesheni. Walipofika kwenye lundo, kijana alihamishia sanduku bega la pili, akapita.

“Raymundi.”

Hakugeuka. “Mimi nilishaweka, mayu.”

Apolinaria akatafuta kijiti kwenye majani, akapiga goti, akamwekea yeye mwenyewe. Magoti yalikuwa yameanza kuwa mazito. Alipoinuka, njia ilikuwa tupu. Miguu ile haikuwa ya kukimbizwa na mama.

Raymundi hakurudi. Na lundo lile, siku hizi, anayeliongeza ni mama mmoja tu.