Surutia Jaladani

Nasieku, ambaye Terrat nzima humwita Mama Sironka, aliishia darasa la nne, lakini kwa shanga hana wa kumpiku. Wasomi wengi wamefika kwake na madaftari matupu, wakaondoka nayo yamejaa. Vitabu vikitoka, yeye anaitwa "mwanamke mmoja wa Kiarusha". Hilo lilimuuma sana.

Basi Evelyn, mhadhiri anayeishi Njiro, alipoanza kuandika kitabu cha shanga na kumwahidi kwamba safari hii jina lake litaandikwa kwenye ukurasa wa shukrani, Nasieku alifurahi mpaka akakosea rangi ya shanga. Walifanya kazi pamoja miaka mitatu. Siku moja Evelyn akaja na mswada, tayari kwenda kuchapwa.

"Shikamoo mama. Hebu ona jalada letu."

"Marahaba, Daktari."

Jaladani alitabasamu binti mzuri, masikioni ana surutia, zile shaba zilizozungushwa duara. Nasieku akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu ana mtoto wa kiume aliyetahiriwa?"

Evelyn akacheka. "Mama, huyo ni Diana, mwanafunzi wangu. Ana miaka kumi na tisa! Tulimpamba tu kwa ajili ya picha."

"Basi mmemvika heshima ya mama, na hajazaa. Surutia si urembo. Unaivaa mwanao akishatahiriwa, na huazimishi mtu."

"Ndani nimeeleza vizuri, ukurasa wa tisini. Hili ni jalada tu, na mchapaji anasubiri."

"Wangapi watafika huko tisini?"

Nasieku akaufunga mswada, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kikitoka hivi, futa jina langu."

Jina lile alilitaka kuliko kitu chochote. Lakini kesho na keshokutwa wajukuu wangeishika picha ile na kusema ndivyo kitabu kilivyosema. Akaamua kufa na tai shingoni. Evelyn akaondoka bila kumaliza chai.

Miezi miwili ikapita kimya. Nasieku alijua jina limekwenda na maji, na moyo ulimuuma kila aliposhika sindano, ila kujuta hakujuta.

Ndipo Evelyn akarudi na kitabu chenyewe. Jaladani hapakuwa na mtu, ila shanga peke yake juu ya ngozi.

"Umetuchelewesha, mama, na ulikuwa sahihi. Fungua tisini."

Chini ya ukurasa, kwenye tanbihi, katikati ya majina ya maprofesa, paliandikwa: *Haya nimefundishwa na Nasieku wa Terrat, aliyefundishwa na mama yake, Naramat.*

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Akainuka na kitabu chake, kidevu juu, akavuka ua hadi nyumbani kwa mama yake, Evelyn nyuma. Akamsomea bibi yule kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Naramat, ambaye macho yamepungua nguvu lakini masikio bado, alisikiliza hadi mwisho.

"Na mimi? Nilizaliwa najua?"

"Hapana, yeyo. Ulifundishwa na mama yako, koko Naishiye."

"Mbona hamkumtaja?"

Evelyn akafungua mkoba haraka, akatoa kalamu, akampa Nasieku kwa heshima. Nasieku akakiweka kitabu kipya juu ya magoti, na pembeni mwa ukurasa, taratibu, kwa herufi kubwa, akaandika: NAISHIYE.