Misuli ya Mwalimu Geresom

Mimi Hasifa nauza chai mlangoni mwa ghala hapa Jinja tangu nilipofiwa na mume wangu, na watu waliopita mbele ya birika langu siwezi kuwahesabu. Lakini mtu aliyenyimwa kazi kwa sababu alijibu swali vizuri, nimemwona mmoja tu. Alikuwa Mwalimu Geresom Mafabi, wa Mbale.

Huko kwao alifundisha habari za mwili wa binadamu miaka kumi na mmoja: damu, mifupa, misuli, kila kitu kwa jina lake. Vita vya mwaka sabini na tisa vikaja, askari waliokuwa wakikimbia wakalala shuleni, na walipoondoka madawati yalikuwa yameshageuka kuni. Shule ikafungwa. Basi akamfuata mkewe Eseza huku Nalufenya, mtaa wa hapa Jinja, nyumbani kwa wakwe. Jamani, mwanamume wa Kigisu kulishwa na mama mkwe miezi mitatu! Aibu ilimkondesha kuliko njaa. Mwishowe Eseza alinijia mwenyewe, akaniomba nimsemee mumewe kwa Mzee Zubairi, mnyapara wa wachukuzi. Mchukuzi alipewa unga kila jioni, na siku zile pesa zilikuwa karatasi tu, unga ndio uliokuwa mshahara wenye akili. Wakipata unga wangepika chungu chao, na mwanamume angeinua uso.

Nikamsemea, kwa Kiswahili changu hiki cha nyumbani, si kile cha askari wenye bunduki kilichowatia watu hofu. Mzee Zubairi akaitazama mikono ya Mwalimu, laini kama andazi, akasema haya, aje Jumatatu, lori la chumvi linatoka Kenya.

Sasa, wachukuzi wa Zubairi wana desturi yao. Mtu akitwikwa gunia hushuka ubao wa lori upesi upesi, analitua ghalani, kisha anarudi mikono mitupu, polepole, kama bwana harusi. Usiyewajua utadhani ni wavivu. Mgeni haambiwi kitu. Anaachwa abebe tu. Akiangusha gunia, Mzee humuuliza sababu mbele ya wote. Mubaraka, ambaye leo ndiye fundi wao, aliangusha mawili siku yake ya kwanza. Alipoulizwa alisema hajui, basi akafundishwa, akabaki.

Mwalimu Geresom alianza kwa fujo. Alikwenda mbio na gunia, akarudi mbio bila gunia, jasho linamtiririka, anawapita wenzake njiani na kuwaomba radhi. Odhiambo, dereva wa lile lori, alimtania kutoka dirishani. "Mwalimu, pole pole bwana. Sina haraka, mimi silali Kisumu leo."

Hakusikia. Aliogopa kuonekana mvivu, maskini, na macho ya mama mkwe aliyabeba pamoja na chumvi. Gunia la kumi na nne likamshinda katikati ya ubao. Mapaja yalitetemeka, magoti yakakunjika, gunia likapasuka, na chumvi ile watu waliyoitafuta mji mzima ikamwagika matopeni.

Kazi ikasimama. Mzee Zubairi akaja, wala hakugomba. "Mwalimu, kwa nini misuli imekataa?"

Nilimkonyeza. Wallahi nilimkonyeza hadi jicho likauma: sema hujui! Lakini mwalimu akiulizwa swali, hata nyumba ikiungua atajibu kwanza. Akaokota kipande cha mkaa jikoni pangu, akachora paja kwenye mlango wa ghala.

Akasema msuli una akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari, na hiyo ni ya sekunde chache tu. Nyuma yake ipo akiba nyingine ya kuijaza ile ya kwanza, lakini kabla hujahesabu hadi ishirini nayo imekwisha. Baada ya hapo msuli unaanza kuvunja sukari uliyojiwekea, na ukiivunja kwa haraka, pumzi haijafika, asidi inajaa na mguu unaungua ndani. Dawa yake ni kupunguza mwendo na kuvuta pumzi, zile akiba zijae tena kabla ya mzigo mwingine.

Wachukuzi walisogea kusikiliza. Hata mimi niliacha chai ichemke. Mubaraka akasema, "Kumbe ndiyo maana tunarudi polepole!"

"Naam," Mwalimu akasema, uso umemng'aa. "Ndiyo maana hasa."

Mzee Zubairi akauliza, "Haya yote uliyajua asubuhi?"

"Nimeyafundisha miaka kumi na mmoja."

"Asiyejua tunamfundisha," Mzee akasema, na niliona kweli inamuuma. "Wewe unajua na hufanyi. Sisi tutakufundisha nini? Nenda, Mwalimu. Chumvi nitaizungumza mimi na mwenye mali."

Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja. Nikampa chai nzito na viazi vitamu viwili, akala. Saa moja haikupita akasimama, akakunja goti, akakunjua, akaniambia nguvu imerudi. Ilirudi kweli. Magunia yaliyobaki aliyatazama yakipita vichwani mwa wengine, polepole.

Jioni Eseza akaja kutoka Nalufenya, amevaa gomesi yake safi, kikapu kichwani. Hakumwona mumewe, aliyekuwa amejibanza nyuma ya lori. Akanisalimia kwa furaha, akaniuliza kama unga unapimwa hapa nje au ndani.