Kayak yangu iliruka kutoka juu ya minibus karibu na Kavumu, na sasa eti mimi ndiye niombe pardon

Wakuu, nawasalimu kutoka Bagira, hapa Bukavu.

Naandika nikiwa na hasira, basi nikikosea herufi munisamehe. Ila kwa habari yenyewe siongezi chumvi. Nilikuwa ndani ya gari, nimeona kwa macho yangu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafundisha biolojia sekondari. Pembeni niko nasoma masters, na mémoire yangu, ule utafiti wa kumaliza masomo, ni juu ya maji ya Ziwa Kivu. Kuchota maji mbali na ukingo natumia kayak, kile chombo chembamba cha kupiga kasia. Ni ya fibre, nyepesi, inapita mita nne kwa urefu. Bila hiyo, kazi yangu inasimama.

Kaka mukubwa wa mume wangu, hapa nitamuita Papa Floribert, ana minibus ya zamani. Alitoa viti vya nyuma akaweka kitanda, réchaud ya gaz na mapazia. Mukifika mahali munapika na munalala humo humo. Gari nzuri, siwezi kukataa.

Likizo kubwa iliyopita akakubali kutupeleka Katana, mimi na mume wangu Justin, tulale kule ukingoni siku tatu nimalize kuchota maji.

Asubuhi ya safari namukuta amekwisha kupandisha kayak juu ya galerie, vile vyuma vya juu ya gari.

Ameiweka mdomo juu, kama mutumbwi. Ndani amejaza mukeka, bidon za maji na mufuko wa makala, yaani makaa ya kupikia. Amefunga kamba ya nylon katikati. Kamba moja, wakuu!

Nikamuambia kwa heshima: "Papa Floribert, hii kitu tunailaza kifudifudi, upepo usiingie ndani. Halafu tufunge na mbele na nyuma, kwenye pare-chocs, hizi bampa za gari."

Akacheka. "Maman Ornella, miye niko nafunga mizigo juu ya gari tangu weye uko primaire. Panda tuende."

Nikamuangalia Justin. Justin akaangalia viatu vyake.

Nikapanda. Hapo nilikosa, na sitaficha.

Kwa wale hawajawahi kubeba hii kitu: ukiiacha mdomo juu na gari ikienda mbio, inashika upepo kama bati iliyofunguka msumari. Inanyanyuka mbele kidogo kidogo, na kila ikinyanyuka kamba inalegea. Kamba za mbele na nyuma si mapambo.

Tulipita kijiji cha Miti salama. Mbele kidogo barabara ikafunguka, Papa Floribert akaongeza mbio. Nyuma yetu pikipiki moja ikaanza kupiga klaksoni. Haiachi. Nageuka, naona motard ananyoosha mukono juu, juu, juu.

"Papa, simama, huyu mutu anatuonyesha kitu."

"Bamotard ba siku hizi habana adabu. Anataka kunipita tu."

Akakanyaga zaidi.

Nikasikia kitu kinagonga juu ya vichwa vyetu, mara mbili. Halafu kivuli kirefu kikapita dirishani kwangu. Halafu kishindo.

Tuliposimama, kayak ilikuwa vipande viwili, makala yametapakaa barabarani, pikipiki, ikijaribu kuikwepa, imeingia ndani ya mutaro. Mwenye pikipiki amekaa chini, ameshika mukono wake kama mutu anayebeba mutoto. Mukono ulikuwa umepinda mahali ambapo mukono haupindi. Kwa bahati hakuwa amebeba mutu.

Anaitwa Bisimwa. Baba wa watoto wanne. Hakututukana. Alisema tu: "Nilikuwa nabaambia kamba inafunguka. Juu ya nini hamukusimama?"

Alikuwa anatufukuza ili atuokoe, wakuu. Tungesimama dakika moja tu!

Watu wakajaa. Na Papa Floribert, mbele ya wote, akaninyooshea kidole: "Ni kitu ya huyu mama. Miye ni chauffeur tu."

Damu ilinipanda kichwani. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Uko murongo! Unadanganya watu! Umeifunga na mikono yako mwenyewe! Uko murongo!"

Tulimulaza Bisimwa kwenye kile kitanda cha minibus, nikafunga mukono wake na pagne yangu, kitenge nilichovaa, mpaka hospitali. Umevunjika mahali pawili. Daktari akasema asiguse guidon ya pikipiki kwa miezi.

Sasa sikieni ya juzi.

Familia ya mume ikaitisha kikao. Nikafikiri ni juu ya Bisimwa, maana Papa Floribert hajaenda kumuona hata siku moja. Hapana. Ni juu yangu. Eti nimemuita mukubwa murongo mbele ya watu njiani. Nipige magoti, niombe pardon.

Nikauliza: "Na Bisimwa, nani ataenda kumuomba pardon?"



Justin akasimama. Mara ya kwanza namuona anasimama mbele ya kaka yake. "Kamba alifunga huyu grand, kaka yangu. Bibi yangu huyu, mke wangu, alisema, na miye nilinyamaza. Tulivunja mukono wa mutu sisi wawili."

Mama mukwe akajibu maneno mawili: "Hata kama."

Hata kama! Mpaka leo hayo maneno yananichoma.

Nimejifunza nini? Ukibeba kayak, ilaze kifudifudi, isiwe na kitu ndani, funga katikati, mbele na nyuma, na kila kilomita chache shuka ushike kamba na mikono yako. Mutu akipiga klaksoni nyuma, simama. Na kama anayefunga ni mukubwa wako na anafunga vibaya, usipande. Heshima haikazi kamba.

Wananingoja Jumapili, baada ya misa, sebuleni kwa mama mukwe. Mimi na Justin tutakuwa Kavumu kwa Bisimwa, tumeahidi kumusaidia bibi yake, mama wa watoto wake, kuvuna maharagwe.

Kama kuna mutu hapa anayeona kweli nastahili kupiga magoti, aandike hapa chini, anieleze ni kwa lipi. Nitasoma yote.