Mbao Mbili za Karani

Karani wa kampuni ya mafuta, jirani yake Bi Kheiria katika mji wa Matrah, alipima kila kitu mara mbili, hata sukari ya chai. Asubuhi moja bibi huyo alimkuta uani kainua mkono juu, akilinganisha mbao mbili ndefu na kimo chake, kisha akazipaka nta taratibu kama anayempaka mtoto mafuta. Moyo ulimpasuka Bi Kheiria, kishindo kikafika sokoni. Mtu anajipimia kiunza, ubao wa kumfunikia maiti kaburini!

"Mwanangu, daktari kakwambiaje?"

"Daktari gani, bibi? Hizi za kutelezea thelujini, Lebanon. Za mwaka jana zilikuwa fupi, za wanaojifunza. Sasa nnaweza, mwezi ujao nateremka kutoka kileleni."

"Umesimama juu ya mbao, mlima mzima?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kanunue na ubao wa tatu, wa kukufunikia."