Jina Lililotakiwa na Bima

Jumatatu, kwenye ofisi ya bima Dar, mbele yangu kwenye foleni alisimama mzee wa Bagamoyo. Bima ya kazini kwake ilikataa kulipia upasuaji wa mkewe, kwa sababu kwenye fomu, penye jina la mke, aliandika "Mama Watoto". Alikuja kukata rufaa.

"Jina lake hasa, mzee wangu?" karani wa dirishani alimwuliza.

"Nipe kalamu, mwanangu, niandike."

"Hapa naandika mimi. Wewe tamka."

Alitugeukia tuliokuwa kwenye foleni, akaishika kofia yake, akalitamka akitazama sakafu.

"Rufaa imepokelewa. Mama atapasuliwa."

Watu wa pwani hatuwataji wake zetu majina mbele za watu. Mimi tangu nioe nimelitaja la wangu mara moja tu, kwa karani wa vifo. Afadhali yeye amewahi.