Neno “Amepona” kwenye Kadi ya Mwanasha

Siku yangu ya kwanza wodi ya watoto, Matroni alinikuta nimeshika kikombe na kijiko, nataka kumnywesha maziwa mtoto mchanga aliyekuwa akitoa povu.

“Weka chini hicho!” akanifokea. “Umio wake haukuungana. Ukimpa maziwa, yataingia mapafuni.”

Umio ni njia ya chakula, kutoka kooni hadi tumboni. Wako wanaozaliwa umekatika, nao hupasuliwa na kuungwa. Kazi ya kuwauguza niliifanya hadi kustaafu, na ninayemkasirikia ni mmoja tu, mimi mwenyewe.

Mwanasha, wa kijiji cha Bongwe, alizaliwa hivyo, akaungwa. Alipofika miaka sita, amenenepa, anacheka, niliandika kwenye kadi yake: AMEPONA. Nikamwambia mamake wasirudi tena. Tulidhani mshono ukishika basi kazi imekwisha.

Mwaka jana tulikutana arusini, sinia moja ya pilau. Binti wa miaka kumi na tisa sasa, mashallah. Kila tonge, funda la maji. Wanawake wakamtania, “Mwaona maringo! Anadonoa tu!” Akacheka nao. Mara machozi yakamtoka, akainuka mbio hadi uani, akaitapika nyama. Nikamfuata.

“Shikamoo, Bibi. Usimwambie mtu.”

“Marahaba. Yamekuanza lini haya?”

“Maji nimezoea tangu utotoni. Lakini sasa nyama inakwama hata kwa maji. Mama alitaka turudi hospitali, nikamwambia wewe mwenyewe uliandika nimepona.”

Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

Juma lile nilimpeleka mwenyewe. Daktari alimwingizia kamera kooni, akakuta kovu la mshono limekaza na asidi ya tumbo imeuchoma umio. Akaupanua, akampa dawa. “Hawa huangaliwa maisha yao yote,” akaniambia, “hata wasipolalamika. Wanazoea shida, hawajui kuwa ni shida.”

Basi nyinyi wauguzi mnaoanza, mtoto wa namna hii akikua msimwambie asirudi. Mwulizeni anavyokula, anakunywa maji mara ngapi, anamaliza wa mwisho? Na mumpe tarehe ya kurudi.

Siku chache baadaye Mwanasha alinipigia simu. Alikuwa amekula wali kwa samaki.

“Bibi,” akasema taratibu, “kumbe chakula hushuka chenyewe?”

“Ndiyo, mjukuu wangu,” nikamjibu, nikakata simu upesi asinisikie nikilia.