Mistari Niliyoifuta Mtwara

Nilikwenda Mtwara nikiwa na kitabu chenye uongo. Sisi madaktari tunaosomea ubingwa wa uzazi huandika humo kila upasuaji tuliofanya, na mwalimu hutia saini. Changu kilisema nimeshona vizazi vilivyopasuka. Kweli nilikuwepo, lakini nilishika vyuma vya kupanulia jeraha huku wakubwa wakishona. Kila Ijumaa mwalimu alisaini rundo zima bila kusoma. Niliwauliza wenzangu: tunafundishwa, au tunajaziwa kurasa? Wakaniambia nisome, mtihani wa mwisho umekaribia. Kabla yake nilipangiwa wiki sita za mazoezi kusini.

Alfajiri basi liliondoka Dar es Salaam. Kufika Lindi nilikuwa nimesoma sura ile ile ya upasuaji mara tatu. Mikono ilikuwa haijajifunza kitu.

Kesho yake asubuhi nilitembea kutoka Shangani, mtaa wa Mtwara nilikopanga chumba, hadi hospitali. Dk. Tekla, bingwa wa kunisimamia, aliitikia shikamoo yangu huku akifunua kitabu changu.

"Umeshona vingi! Leo nimepata wa kunipumzisha."

Sista Hawa, muuguzi wa chumba cha upasuaji, akacheka. "Wa Dar hao, vitabu vinene kuliko wenyewe."

Saa nane mchana aliletwa mama kutoka Msimbati, ana uchungu wa siku mbili, kizazi kimepasuka. Tulipokwisha kunawa na kuvaa, Dk. Tekla akaninyooshea kisu.

"Karibu."

Sikukipokea. "Sijawahi, dokta. Nilishika vyuma tu."

Sista Hawa hakucheka.

"Heri umesema kabla ya kukata, mdogo wangu," Dk. Tekla alisema. "Simama hapo mbele yangu. Nitaanza, utamalizia, macho yangu yakiwa kwenye sindano yako."

Mtoto hatukumpata hai. Mama tulimwokoa.

Tangu siku hiyo, baada ya kila upasuaji, Dk. Tekla alinitaka niandike neno moja: niliona, nilisaidia, au nilifanya. Alisaini papo hapo. Jioni nilirudia kurasa za nyuma na kalamu nyekundu, nikifuta mistari ya uongo.

Niliporudi Dar es Salaam, mwalimu alitazama mistari niliyoifuta, akakunja uso.

"Kwa hesabu iliyobaki humu, mwaka huu hufanyi mtihani. Unajua?"

"Najua, mwalimu. Lakini kama ningejifanya najua, mama mmoja kule Mtwara angekufa mikononi mwangu, na saini yako ikiwa ukurasani."

Mwalimu alivuta kitabu cha juu kwenye rundo la Ijumaa, cha mwenzangu, akakifungua ukurasa wa kwanza.

"Niitie huyu," alisema. "Aje aniambie alifanya au aliona."